Wema Usioandikwa Daftarini

Ndugu msomaji, sidhani kama iko nyumba ya pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, isiyolijua daftari la michango. Arusi ikija, mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri huketi karibu na mlango na kalamu yake: fulani kaleta fedha kadha, fulani kaleta mchele, fulani kaleta mbuzi. Msiba ukitokea, daftari lingine hufunguliwa. Desturi hii ina faida yake, kwani mwenye shughuli hupenda kujua nani wa kushukuriwa. Lakini ina na ubaya wake. Shughuli ikiisha daftari huwekwa kabatini, na siku ya arusi ya jirani hutolewa, kurasa zikapekuliwa: "Yeye alituletea kiasi gani?" Hapo ndipo wema unapogeuka deni, na deni likageuka ugomvi. Katika ukoo wetu, kule Tanga, nimewaona ndugu wawili wa tumbo moja wakikaa miaka minne bila ya kuamkiana, kwa sababu ya mchango ulioonekana kuwa mdogo kuliko ule uliotangulia.

Basi swali nilitakalo tulizungumze ni hili: mtu amfaapo mwenzake, humfaa kwa kumwonea huruma, au kwa kungojea chake?

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza Arusha, chini ya Mlima Meru, nikiuza vitambaa na mashuka. Mtoto wa dada yangu, aliyesomea elimu ya viumbe chuoni, alikuja kunitembelea, na usiku mmoja baada ya chakula akanambia, "Mjomba, wataalamu wamekwisha kulimaliza jambo hilo. Wema hakuna. Kila atoaye anajitafutia nafsi yake, ila hajui tu." Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba aniachie vitabu vyake, nikavisoma polepole, na kile nisichokifahamu nikamwuliza. Na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba wataalamu wenyewe hawakusema alivyosema yeye. Na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wao imetoka kwa jirani zetu wa huku kaskazini, watu tunaopishana nao sokoni.

Suala la kuumbwa kwa mwanadamu lina mlango wake na lina wenyewe, nami sikusudii kuuingia mlango huo hapa. Ninalotaka kulipima ni yale waliyoyaona watu hao katika maisha ya binadamu, kisha tuone yana mafunzo gani kwetu.

DAMU NA NIPE NIKUPE

Charles Darwin, Mwingereza, aliandika mwaka 1871 juu ya fumbo lililomsumbua. Shujaa anayejitoa mhanga kwa ajili ya wenzake huenda asiache mtoto wa kurithi ushujaa wake, na mwoga aliyejificha akabaki na kizazi kikubwa. Kama ni hivyo, kwa nini ushujaa na ukarimu havijatoweka duniani?

Jawabu la kwanza lilitolewa mwaka 1964 na Mwingereza mwingine, William Hamilton. Alionyesha kwa hesabu kwamba anayemsaidia ndugu yake anaisaidia damu ileile iliyomo mwilini mwake. Kwa hiyo tabia ya kuwafaa jamaa huweza kudumu hata kama mfanyaji mwenyewe anapata hasara. Jawabu la pili lilitolewa mwaka 1971 na Mmarekani, Robert Trivers: hata wasio jamaa huweza kufaana, maadamu wataonana tena, na leo kwangu kesho kwako. Wazee wetu hawakuhitaji hesabu kuyajua hayo. Walisema damu nzito kuliko maji, na walisema nipe nikupe.

Tuuangalie mfano wa hilo la kwanza. Katika Wilaya ya Karatu, mkoa huuhuu wa Arusha, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Ni watu wachache, yapata elfu moja na kidogo, na baadhi yao hata leo wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Tangu miaka ya 1980 wataalamu watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa nao na kupima nani analeta chakula gani. Walistaajabu kuona kwamba miongoni mwa wachapa kazi wakubwa walikuwamo akina bibi, wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Bibi huyo huchimba mizizi kwa saa nyingi katika ardhi ngumu yenye mawe, kisha huwalisha wajukuu. Na mama anapokuwa na mtoto mchanga mikononi, kunenepa kwa yule mtoto aliyeachishwa ziwa hufuata bidii ya bibi yake.

Hapo mpwa wangu angesema, "Unaona, Mjomba? Bibi anaitunza damu yake." Nami nasema: sawa, lakini tusichanganye mambo mawili. Mtu hula kwa sababu chakula hujenga mwili; lakini mwenye njaa anyooshapo mkono kwenye sinia hafikirii kujenga mwili, ana njaa tu. Sababu ya njaa kuwako duniani ni jambo moja, na nia ya mlaji ni jambo lingine. Vivyo hivyo bibi yule akiwa juani na mti wake wa kuchimbia hapigi hesabu za damu. Anamwona mjukuu ana njaa, na moyo wake haumpi raha. Huruma yake ni huruma ya kweli, hata kama mtaalamu anaweza kueleza kwa nini huruma imedumu katika wanadamu.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wepesi kuliko wengine kuifahamu tofauti hii, kwani tumelelewa tangu chuoni kwamba tendo hupimwa kwa nia. Anayemwambia kijana kwamba wema wote ni biashara iliyojificha anamfundisha kudharau sadaka ya mama yake. Na kijana akishaidharau ya mama yake, ya kwake hataitoa.

UKAMBA WA KITOVU

Yako basi mambo ambayo damu haiyaelezi, na nipe nikupe haiyaelezi pia. Hili nililijua kwanza dukani mwangu, kabla sijakiona kitabu chochote.

Mwaka 2009 ukame mkali uliipiga nchi ya Wamasai. Huko Longido na Monduli ng'ombe walikufa kwa maelfu. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mzee wa Kimasai, alipoteza karibu zizi zima. Mvua ziliporudi alikuja mjini, akanambia kwamba amepita kwa rafiki yake anayekaa mbali, na rafiki huyo amempa mitamba minne. Nikamwuliza, kama mfanyabiashara yeyote ambavyo angeuliza, "Na utamrudishia lini?" Akanitazama kwa muda, kisha akacheka. "Wewe Mswahili," akasema, "hili si deni. Deni kwetu linaitwa esile. Huyu ni osotua yangu. Baba yake alikuwa osotua ya baba yangu."

Neno osotua, maana yake ya asili katika Kimasai ni ule ukamba wa kitovu unaomuunganisha mtoto na mama yake tumboni. Tazama uzuri wa jina hilo. Mtoto aliye tumboni hapewi chakula kwa mkopo. Hupewa kwa kuwa anahitaji.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini na Lee Cronk, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa miaka mingi na Wamasai wa upande wa Kenya. Anaeleza kwamba osotua huanzia katika ombi na zawadi, hujengwa kwa heshima, na ikishafungwa haivunjiki kwa urahisi, watoto huirithi. Ina kanuni zake. Mwombaji haombi ila awe na haja ya kweli, na haombi zaidi ya haja hiyo. Mwombwaji hutoa kama anacho, ila halazimiki kujiangamiza. Wala hakuna anayehesabu nani ametoa mara ngapi. Mmoja aweza kutoa maisha yake yote na mwenzake asipate siku ya kumtolea, na pasiwe na lawama.

Mwaka 2007 Cronk alitoa habari ya jaribio alilolifanya. Aliwapa Wamasai mchezo wa kupeana fedha, mtu na mwenzake asiyemwona. Baadhi yao hawakuambiwa neno zaidi ya masharti ya mchezo. Baadhi waliambiwa kwamba huu ni mchezo wa osotua. Wewe msomaji ungedhani wale wa osotua walitoa fedha nyingi zaidi. La. Walitoa kidogo zaidi, na walitarajia kurudishiwa kidogo zaidi. Kwa nini? Kwa sababu osotua haikuja kwa ajili ya kutajirishana. Imekuja kwa ajili ya haja, na pale haja haikuwapo. Neno moja tu liliwatoa watu katika hesabu ya faida na kuwatia katika adabu nyingine.

Baadaye Cronk na mwenziwe Athena Aktipis walitumia kompyuta kubuni wafugaji na mifugo, wakawapitisha katika ukame na maradhi miaka baada ya miaka. Katika matokeo waliyoyachapa mwaka 2011, mifugo ya waliofungamana kwa osotua ilidumu muda mrefu kuliko ya wale waliojitegemea peke yao. Kisha walilinganisha namna mbili za kufaana: ya kutoa kwa kuangalia haja, na ya kutoa kwa kuweka hesabu, ambayo humnyima msaada mpya yule asiyelipa wa zamani. Pale misiba inapokuja bila ya kutazamiwa, waliotoa kwa haja walidumu kuliko waliohesabu.

Ukifikiri, sababu yake si ngumu. Balaa haiangalii daftari. Aliyepigwa mwaka jana aweza kupigwa tena mwaka huu, kabla hajalipa. Mwenye daftari humwambia, "Lipa kwanza la zamani," na humwambia hivyo siku ileile ambayo hawezi kulipa. Basi mtu huyo huanguka, na akianguka, mwenye daftari amepoteza mambo mawili: deni lake, na mtu ambaye angemfaa siku yake naye ikifika.

ASALI YA WAHADZABE

Pengine mtu atasema: hayo ni ya watu waliozaliwa wakarimu, sisi wengine tumezaliwa na mikono mizito. Turudi Eyasi kwa Wahadzabe.

Coren Apicella na wenzake walitembelea kambi 17 na kuwajaribu watu 205. Matokeo yalichapwa mwaka 2012. Kila mtu alipewa mirija minne ya asali. Aliweza kuiweka yote awe nayo, au kutoa mmoja au zaidi kwa ajili ya kambi nzima. Na kila mrija uliotolewa wataalamu waliuongeza ukawa mitatu, kisha yote ikagawanywa. Hapana aliyejua mwenzake ametoa ngapi. Ilionekana kwamba watoaji walikuwa na marafiki watoaji, na wachoyo walikuwa na marafiki wachoyo. Na kwamba kambi na kambi zilitofautiana sana.

Je, wakarimu hutafutana wakakaa pamoja, au mtu hufuata desturi ya pale alipo? Wahadzabe hawakai mahali pamoja; huhama, huchanganyika, huachana. Kwa hiyo wataalamu walirudi tena na tena kwa muda wa miaka sita, wakafikia kambi 56, na mwaka 2018 wakatoa jawabu: mtu yuleyule aliyetoa sana mwaka huu katika kambi ya watoaji, mwaka mwingine akiwa katika kambi ya wachoyo hutoa kidogo. Alivyokuwa zamani hakukueleza atakavyokuwa leo. Kilichoeleza ni watu anaokaa nao sasa.

Hili, ndugu msomaji, ni jambo zito kwa kila mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba ukarimu wa mtoto wako haukuandikwa wote katika damu yake. Unakaa pia sebuleni kwako. Mtoto akikuona unampa ombaomba kisha unamsimanga, atajifunza masimango. Akikuona unapeleka sahani ya futari kwa jirani, na usiku huohuo ukauliza kwa nini sahani imerudi tupu, atajifunza kwamba sahani ni chambo. Kila nyumba ni kambi, na kila kambi ina desturi yake.

MIFEREJI YA MERU

Wala tusijidanganye kwamba moyo mwema peke yake unatosha. Wako wavivu na wako wajanja, na mjanja mmoja asiyeguswa huwaharibu kumi.

Huku Meru, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, Wameru na Waarusha tangu zamani wamechimba mifereji ya kuteremsha maji ya mito mpaka mashambani. Aliye juu angeweza kuyafunga yote, na aliye chini akabaki na vumbi. Nimekaa miaka mingi jirani na mfereji wa namna hiyo, nami nimeona ulivyoendeshwa: maji kwa zamu, kazi ya kusafisha kwa wote, asiyekuja kazini hutozwa faini, na anayerudia huonwa na wazee. Hata katika bonde la Mto Themi, unaopita mjini Arusha, wakulima wameunda kamati za mto ili mfereji na mfereji upeane zamu wakati wa kiangazi. Bibi Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya namna hii kutoka pembe nyingi za dunia. Aliona kwamba ushirika hudumu pale wenyewe wanapojitungia kanuni, wanapolindana, na wanapomwadhibu mkosaji kwanza kidogo, kisha zaidi. Hivyo mlinzi wa mfereji hauvunji wema. Anauwekea ukuta usiibiwe.

Na pakiwa na uaminifu wa namna hiyo, watu hufanya makubwa. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na nyumba zao zikatiwa moto. Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaueleza ulimwengu dhuluma hiyo. Ardhi haikurudishwa papo hapo. Lakini aliyetoa senti zake wakati ule hakuwa na hakika ya kupata hata hatua moja ya shamba. Alitoa kwa sababu ya wenziwe waliokuwa wakilala nje.

Linabaki la mgeni kabisa: mtu usiye na damu naye, wala kitovu, wala mfereji. Hapa maumbile peke yake yana ukomo. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walichapa matokeo ya jamii 15 za pande mbalimbali za dunia, Wahadzabe wakiwamo, ambako mtu alipewa fedha agawane na mwenzake asiyemjua. Waliokaribia kugawa nusu kwa nusu walikuwa hasa wale waliozoea kununua na kuuza sokoni, na wale wanaofuata dini kubwa, Uislamu au Ukristo. Wataalamu hawakusema dini ndiyo sababu pekee. Lakini ni habari ya kututia moyo, na pia ya kutuuliza swali: sisi ambao dini yetu imetuwekea zaka, wakfu na haki ya msafiri, mgeni asiye na mtu akifika mtaani kwetu leo, anagonga mlango gani?

KILA KITU MAHALI PAKE

Sasa turudi kwenye daftari. Simwambii mtu alichome moto. Yule mzee wa Kimasai anajua esile na anajua osotua. Analipa deni mpaka ndama wa mwisho, na zawadi haihesabu. Hakosi kwa sababu hachanganyi. Na je, sisi hatukufundishwa hivyohivyo? Dini yetu imeamrisha deni liandikwe, tena na mashahidi. Na sadaka imeisifu zaidi ikiwa ya siri, hata mkono mmoja usijue uliyoyatoa mwenzake. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina adabu yake. Fitina huja tunapoiandika sadaka kama deni. Na huja vilevile tunapolila deni la watu kisha tukaliita undugu.

Basi mwenye duka na aandike, na mwenye kukopesha na aandike. Katika arusi na msiba, jina liandikwe kwa ajili ya kushukuru na kuombea dua, na kiasi kisahaulike. Shughuli ya mwenzako ikifika usitazame alikuletea nini. Tazama ana haja ya nini, nawe una uwezo gani. Na ukiwa mwombaji, omba haja yako usizidishe, kwani anayeomba zaidi ya haja huukata ukamba ambao kesho mwingine angeshikilia.

Kutoa ni moyo, walisema wazee, usambe ni utajiri. Mwenyezi Mungu aturuzuku mioyo hiyo, na azijaalie nyumba zetu ziwe kambi za watoaji.